Herufi Moja Katika Kadi ya Memori



Juma hili naomba niyaweke kando mambo ya jiko na malezi, nizungumze juu ya kipakatalishi. Najua watakuwapo watakaosema kwamba hilo ni suala la mafundi na vijana wa kiume. Lakini ni nyumba ngapi siku hizi, tangu Lamu hadi Vanga, ambamo laptopu moja inatumiwa na watu watano? Kijana anaandika kazi ya chuo, baba anatafuta cheti katika eCitizen, mama anaweka hesabu ya mahamri aliyouza. Siku chombo hicho kikikataa kuwaka, nyumba nzima husimama, na mara nyingi anayebaki nacho mkononi, akijiuliza la kufanya, ni mwanamke.

Nilikwenda Nairobi kumzuru dada yangu mkubwa. Yeye aliolewa na Mnubi wa Makina, Kibera, na tangu mumewe alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, amebaki katika nyumba ile ile pamoja na wanawe. Wasomaji wa Pwani wasioijua Kibera ila kwa habari za magazeti na waelewe kwamba jina lenyewe ni la Kinubi, yaani msitu, na kwamba familia za askari Waislamu wa King's African Rifles walikaa pale kabla mji haujawafikia. Hati ya ekari 288 za ardhi hawakuipata mpaka mwaka 2017. Hayo nimeyataja njiani tu, maana kila nikiingia Makina na kusikia adhana nahisi kama nimerudi nyumbani, na watu hawaniamini nikiwaambia.

Binti wa dada yangu hufundisha watoto kusoma Qur'ani kwa njia ya intaneti. Wanafunzi wake ni watoto wa jamaa zetu Waswahili walioko Maskati na Dubai, na ada yao ndiyo inayolipa karo ya mdogo wake. Laptopu yake ni Lenovo ThinkPad X240, aina iliyotoka mwaka 2013, moja kati ya zile zinazoletwa Nairobi zikiwa zimekwisha kutumika katika ofisi za Ulaya, ambazo wauzaji huziita eksi-UK. Ilikuwa na memori ya giga 4. Akifungua Zoom pamoja na ukurasa wa msahafu, mashine ilikuwa ikikwama, na sauti ya mtoto kukatika katikati ya aya. Kwa mwalimu wa tajwidi hilo si jambo dogo. Atamsahihishaje mtoto ghunna asiyoisikia?

Basi akanunua kadi ya giga 8 mjini. Muuzaji alimwambia akitoa ile ya zamani atapunguziwa bei, naye akaitoa palepale, kwa kuwa X240 ina nafasi moja tu ya kadi na aliona ya zamani haina kazi tena. Akarudi nyumbani, akafungua kifuniko kwa bisibisi, akaitia mpya, akafunga. Alipobonyeza swichi, taa ikawaka, feni ikavuma kidogo, mashine ikalia milio mifupi, na kioo kikabaki cheusi.

Mimi nilifika jioni ya Jumatano na kukuta nyumba imepoa kama ya msiba. Dada ameifunika laptopu kwa leso juu ya meza. Darasa lilikuwa Ijumaa baada ya Alasiri. Lakini nilipozungumza na yule binti nikagundua kwamba hakuwa akililia darasa. Ndani ya mashine ile mlikuwa na sauti ya marehemu baba yake akisoma Surat Yaasin, aliyoirekodi Ramadhani yake ya mwisho, na hakuwa ameiweka mahali pengine popote.

Hapa yafaa nisimame kidogo, kwa sababu hofu hii huwapata wengi na haina msingi. Mashine ina mahali pawili pa kuweka mambo. Memori, ambayo mafundi huiita ramu, ni kama jamvi analotandika mshonaji kanzu. Humo ndimo anamotandaza kazi ya wakati huo, na jamvi likiwa pana hufanya kazi kwa raha. Umeme ukizimwa, jamvi hukunjwa na halibaki na kitu. Hadi disiki ndiyo kasha. Picha, barua, hesabu na sauti ya marehemu vyote vimo katika kasha, na kubadilisha jamvi hakugusi kasha hata kidogo. Mashine ikikataa kuwaka baada ya kutiwa memori, vilivyohifadhiwa kwa kawaida viko salama salimini. Lau angalijua hilo usiku ule, angalilala.

Asubuhi tuliipeleka kwa fundi mmoja wa jirani. Alibonyeza swichi mara mbili, akatikisa kichwa, akasema bodi kuu imeungua. Akataka shilingi elfu tisa, na mashine iachwe kwake hadi Jumatatu. Dada yangu akakataa. Si kwa ajili ya elfu tisa peke yake, ingawa elfu tisa hatukuwa nazo. Ndani ya mashine mlikuwa na picha za arusi na za Idi, mabinti wakiwa nyumbani bila ya mitandio, na mtu yule hatumjui wala hatujui ni nani wengine wanaoingia kibandani mwake usiku. Mimi sitaki kumdhania mtu vibaya, na Surat al-Hujurat imetuonya juu ya dhana. Hata hivyo kulinda sitara ya watoto wako si kumtuhumu mtu. Nilimuunga mkono dada.

Jirani mmoja akatuelekeza kwa fundi wa Kawangware, akasema sifa yake ni kwamba hufanya kazi mbele ya mwenyewe. Tukapanda matatu. Kibanda chake ni kidogo, cha mabati, kimebanwa kati ya muuza viazi na mshonaji, na mbele ana meza na kiti kimoja cha mteja. Akampa dada kile kiti. Binti akaeleza. Fundi akabonyeza swichi, akasikiliza milio, akacheka kwa upole. "Mama, hii haijafa," akasema. "Maiti hailii."

Nimeyakumbuka maneno yale kila siku tangu hapo. Alitufafanulia kwamba mlio ni lugha ya mashine. Kabla kioo hakijawaka, mashine hujikagua, na ikikosa memori inayoielewa haina njia ya kuonyesha maneno, kwa hiyo hulia. Ubao ulioungua kabisa hauwezi kujikagua wala kulalamika.

Akaifungua. Jambo la kwanza alilomuuliza binti lilikuwa kama alikata umeme wote kabla ya kugusa. Binti akajibu kwamba alichomoa chaja na betri. Kumbe X240 ina betri mbili, moja ya nyuma inayochomoka, na nyingine imejificha ndani ya kifuniko. Alikuwa ametia kadi huku mashine ingali na umeme. Fundi hakumkaripia, ila alimwambia wazi kwamba hapo angaliweza kuunguza kitu kweli. Akachomoa waya wa betri ya ndani, akabonyeza swichi kwa muda ili umeme uliobaki uishe, kisha akaitoa ile kadi mpya na kuigeuza kwenye mwanga asome lebo yake.

Imeandikwa PC3-12800S. Akatoa kadi nyingine kutoka katika kisanduku chake, akaziweka sambamba mbele yetu. Ile yake ilikuwa PC3L-12800S. Kwa macho ya kawaida ni mapacha. Zote mbili zina meno ya dhahabu 204, na pengo lake liko mahali pamoja, kwa hiyo zote huingia bila ya kulazimishwa. Tofauti ni ile herufi L. Kadi isiyokuwa nayo hutaka umeme wa volti 1.5; yenye L huridhika na volti 1.35. Laptopu nyingi za kizazi cha X240, zilizotoka tangu 2013 na prosesa za Intel za kizazi cha 4, zimeundwa kwa ule umeme mdogo, ili betri idumu. Ukitia kadi inayotaka zaidi, mashine haiwezi kuilisha na hukataa kuanza. Kinyume chake hakina madhara, kwani kadi yenye L hukubali volti zote mbili, na huweza kutumika katika laptopu nyingi za zamani zaidi.

Akaitia kadi yake ya giga 4. Aliiinamisha kwanza, akaisukuma mpaka meno yakakaribia kupotea, ndipo akailaza ikashikwa na vibanio vya pembeni kwa mlio mdogo wa *tak*. Akarudisha betri, akabonyeza swichi. Sisi watatu tulikuwa tumeshikana mikono. Kioo kikawaka, likaja jina la mashine, kisha Windows, kisha picha ya msahafu ambayo binti ameiweka mbele. Dada akasema Alhamdulillahi kwa sauti iliyomfanya muuza viazi ageuke.

Fundi angaliweza kutuuzia kadi yake wakati ule kwa bei aitakayo, nasi tungalilipa. Badala yake akasema, "Rudini kwa aliyewauzia, mumwambie awabadilishie na ya L. Hii nitaitoa." Akataka shilingi mia tatu kwa kazi yake.

Nilimuuliza, kwa faida yenu wasomaji, ni mambo gani mengine huzuia mashine kuwaka baada ya kuongezwa memori. Akasema kubwa kabisa ni kadi ambayo haikuingia sawasawa, kwa sababu watu huogopa kuisukuma. Wengi humletea mashine, naye huitoa kadi, huirudisha kwa nguvu kidogo, na kazi imekwisha. Nyingine ni vumbi katika meno ya kadi, ambayo hupanguswa kwa kitambaa laini kikavu. Nyingine ni kuzidisha kiwango. Kila aina ya laptopu ina kipimo chake cha juu, na X240 kipimo rasmi ni giga 8. Penye nafasi mbili, zijaribiwe kadi moja moja, katika nafasi hii na kisha ile, ili ijulikane mbovu ni kadi au ni nafasi. Na subira pia inahitajika, kwani baadhi ya mashine mpya, mara ya kwanza baada ya kubadilishiwa memori, hukaa na kioo cheusi kwa dakika moja au zaidi zikiipima, na mwenye haraka huzima akadhani zimekufa. Zile za DDR4 zina meno 260 na pengo lake ni tofauti, kwa hiyo haziingii katika nafasi ya DDR3. Mtu asije akazilazimisha. Na ziko laptopu, kama MacBook Air, ambazo memori yake imegandishwa kwenye bodi tangu kiwandani. Hizo haziongezeki, na anayekuambia ataiongeza kirahisi muulize maswali.

La umeme wa mwilini alilitaja akinitazama mimi, nami nilikuwa nimevaa buibui la poliesta. Kitambaa hicho kikisuguana na zulia hukusanya umeme usiouhisi, lakini unaotosha kuharibu kadi. Gusa bomba la maji au chuma kisicho na rangi kabla ya kushika kadi, na uishike kwa pembeni, si kwenye meno.

Na la sitara alituonyesha pia, wala hatukumuuliza. Kupima memori hakuhitaji hadi disiki. Katika laptopu nyingi za aina hii kasha hilo hutoka kwa urahisi, na mashine isiyokuwa nalo itawaka na kuonyesha jina lake, ikilalamika tu kwamba haina pa kuanzia. Kwa hiyo ukilazimika kuiacha mashine kwa fundi kwa ajili ya memori, mwombe atoe hadi disiki mbele yako, uitie mkobani, uende nayo nyumbani. Fundi mwaminifu hataudhika. Dada yangu aliposikia hivyo alinyamaza kitambo, kisha akasema laiti angalijua asubuhi.

Kutoka Kawangware tulikwenda moja kwa moja mjini kwa yule muuzaji. Ndani ya matatu tulikuwa tumekwisha kumhukumu kuwa ni laghai, na mimi nilikuwa nimetayarisha maneno juu ya wapunjao vipimo. Kijana alisikiliza, akaichukua kadi, akaisoma, akatoa nyingine, akazilinganisha kama tulivyofanya sisi. Uso ukamshuka. Akasema amekuwa akiziweka zote katika kisanduku kimoja. Akatubadilishia bila ya kuongeza bei, na ile kadi ya zamani ya giga 4 binti akaidai na kuilipia tofauti yake, ili awe nayo siku ya kujaribu. Tulipokuwa tukiondoka tulimwona amemimina kisanduku chote juu ya meza, anazisoma kadi moja moja.

Usiku huo binti aliitia kadi kwa mkono wake, betri ya ndani ikiwa imechomolewa. Kabla ya kufungua chochote cha darasa, alinakili ile Yaasin katika flashi mbili. Moja akampa mama yake. Ya pili ninayo mimi, Mombasa.