Picha ya Bibi Wameisafisha Mpaka Imekuwa ya Mtu Mwingine

Najua nimeadimika, mitihani ndiyo ilinibana, lakini leo nina dukuduku na nisipolitoa sitalala. Ni kuhusu hawa jamaa wanaosafisha picha kwa oda za mtandaoni.

Bibi yangu alifariki mwaka jana. Alikuwa Mkisi, mfinyanzi. Wanaoijua Matema wanalijua soko la vyungu la Lyulilo, kila Jumamosi. Hapo ndipo nilipompiga picha kwa simu, kakaa mchangani, vyungu vyake mbele, nyuma Ziwa Nyasa na Milima ya Livingstone. Hakucheka, alikuwa anabishana bei na mteja. Picha zake za zamani ziliharibiwa na maji, si mnajua Kyela mvua za Machi na Aprili zikikolea, mto unaingia ndani bila hodi. Kwa hiyo hiyo ya simu ndiyo ilikuwa picha pekee ya bibi akiwa peke yake.

Ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ilipokaribia, familia ikanipa mimi kazi ya picha, maana mimi ndiye "msomi" hehehe. Ilitakiwa moja kubwa ya A3 yenye fremu, na ndogo 20 za inchi 4 kwa 6 za kugawa kwa ndugu, ile tuliyopiga wote nje ya kanisa. Nikaona tangazo la studio moja, jina naliacha kapuni: tuma picha WhatsApp, lipa kwa simu, mzigo unaufuata stendi. Nikatuma picha, nikatuma hela, nikaandika "itengenezeni vizuri, ni ya marehemu bibi". Yakumbukeni hayo maneno.

Haki yao niwape. Mzigo ulifika stendi ya Kyela siku ile ile waliyoahidi, na kioo hakikuwa na hata ufa. Mjomba akaufuata na bodaboda, tukaufungua nyumbani watu wote tumezunguka. Mdogo wake bibi akaishika fremu kwa mikono miwili, akaitazama weee, halafu akaniuliza taratibu, "Mjukuu wangu, huyu mliyemleta ni nani?"

Jamani. Vyungu hakuna. Ziwa hakuna. Nyuma wameweka mawingu na maua ya waridi. Uso umekuwa mweupe, makunyanzi yote yamefutwa, hata kovu lake la shavuni halipo. Zile ndogo nazo, mstari wa nyuma wamekatwa vichwa, watoto waliokaa mbele wamekatwa miguu. Ibada ilifanyika, picha ikawekwa mbele, watu wakaimba. Mama hakuitazama hata mara moja.

Nilipiga simu studio. Dada aliyepokea alikuwa mpole kweli: "Mpendwa, wateja wengi wanapenda hivyo. Na wewe mwenyewe ulisema tutengeneze vizuri." Hapo nikakosa la kujibu, maana ni kweli nilisema.

Tangu siku hiyo nimekuwa nalifikiria hili neno "kusafisha". Mama anasimulia kwamba enzi zao mpiga picha alikuja kijijini na kamera ya filamu, picha 36, akazipeleka mjini kusafishwa, mkasubiri wiki kadhaa. Zikirudi mmefumba macho, basi mmefumba macho. Kusafisha kulikuwa ni kuitoa picha iliyokwisha kuwamo kwenye filamu. Siku hizi neno ni lile lile lakini kazi imebadilika, linasafishwa sura la mtu, na hakuna anayekuuliza.

Sisi tunaosomea ualimu tunaambiwa ukisahihisha insha ya mwanafunzi unasahihisha makosa, humwandikii insha yako wewe. Sasa makunyanzi ya bibi yalikuwa kosa gani? Weusi wake ulikuwa kosa gani? Mimi sipingi watu kupendezeshwa. Bibi harusi akitaka ang'arishwe ni haki yake, ni sura yake na yupo hai wa kusema. Marehemu hawezi kusema "mmenikosea". Ndiyo maana naona kwa picha ya marehemu studio ingepaswa kuogopa zaidi kugusa, sio kugusa zaidi.

Na wala sio suala la hisani tu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ampe mteja nafasi ya kupitia oda yake na kurekebisha makosa kabla hajaithibitisha. Kwa maoni yangu, kwenye picha hiyo ingekuwa na maana moja tu: nionyeshe kwenye simu itakavyotoka, nikikubali ndipo uchape. Ni dakika mbili.

Ila na sisi wateja tuna uzembe wetu, naanza na mimi. Ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida inapunguzwa, upande mrefu unabaki na pikseli kama 1600. A3 ina urefu wa inchi 16 na nusu, kwa hiyo unapata pikseli chini ya 100 kwa kila inchi, wakati wachapaji wanapenda 300. Picha inakuwa na ukungu, na fundi akiona ukungu anaanza "kuboresha". Itume kama dokumenti, inafika nzima. Halafu picha nyingi za simu zina umbo la 4 kwa 3, ukizichapa kwenye inchi 4 kwa 6 lazima nusu inchi ikatwe mahali. Mwambie akate wapi, au aache ukingo mweupe. Na usiandike "itengenezeni vizuri". Andika "msiguse uso, msibadilishe nyuma".

Kabla ya kurudi chuo niliingia kwenye stationery moja ndogo pale Kyela mjini. Hawana A3, mwisho wao A4, na rangi ya mashine yao imeelemea bluu kidogo. Kijana aliifungua ile picha, akaikuza, akaniuliza, "Kuna kitu niguse?"

Nikamwambia usiguse kitu.

Hiyo A4 ndiyo iko ukutani sasa hivi, na vyungu vyake mbele. Ile kubwa ipo nyuma ya kabati, hakuna mwenye moyo wa kuitupa na hakuna mwenye hamu ya kuitazama.

Naomba kuwasilisha. Kama na wewe yamekukuta, tupe stori.