Chaja moja, betri mbili: hatari iliyojificha katika vyumba vya kupanga

HUKU pikipiki za umeme zikizidi kuonekana Nairobi, kuanzia katikati ya jiji hadi Westlands, Kangemi na Kawangware, mjadala umeelemea bei ya petroli na usafi wa hewa. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: betri hizo zimeundwa kwa kemikali gani, na zinachajiwa kwa chaja ipi?

Neno "lithiamu" pekee halitoshi. Betri nyingi za simu hutumia kobalti. Pikipiki nyingi hutumia mchanganyiko wa nikeli, manganizi na kobalti, ilhali nyingine, sawa na mabasi ya BYD ambayo kampuni ya BasiGo ilianza kuyaleta jijini mwaka wa 2022, hutumia chuma na fosfati. Seli ya kobalti huweza kuanza kuchemka bila kuzuilika inapofikia nyuzi 150 hivi za Selsiasi, ya nikeli karibu 210, nayo ya fosfati karibu 270. Hapo joto huzaa joto. Kemikali huvunjika na kutoa gesi zinazowaka, na katika seli za kobalti na nikeli hutoa pia oksijeni, hivyo moto hujilisha wenyewe. Kuufunika kwa blanketi hakuuzimi. Umeme ukishakatwa, kinachohitajika ni maji mengi ya kuipoza betri.

Hata betri ya gari ya asidi na risasi, ambayo wengi huiona pole, hutoa haidrojeni ikichajiwa kupita kiasi, na cheche moja yatosha kuilipua.

Utata mkubwa umo katika hesabu. Betri mbili zaweza kuuzwa zote kama za volti 48. Ya nikeli ina seli 13 zilizofuatana na chaja yake hukomea volti 54.6, yaani 4.2 kwa kila seli. Ya fosfati ina seli 16 na chaja yake hufika 58.4. Mnunuzi wa Luthuli Avenue akiichukua ya pili kwa sababu plagi imeingia, kila seli ya nikeli itasukumwa kuelekea volti 4.5. Kinachobaki kumwokoa ni kidhibiti kilichomo ndani ya betri, ikiwa kimo na hakijachokorwa na fundi.

Mnamo Agosti 2007, Nokia ilitoa tahadhari kuhusu betri milioni 46 za BL-5C zilizoweza kupata joto kupindukia zikichajiwa. Betri ya pikipiki ya saa-kilowati mbili hubeba nishati zaidi ya mara 500 ya ile ndogo ya simu.

Kwa maoni yetu, mtindo wa kubadilisha betri vituoni ni salama zaidi, kwani chaja husalia mikononi mwa kampuni. Lakini mwendeshaji anayemiliki betri yake huichaji usiku, familia ikiwa imelala, katika chumba chenye mlango mmoja. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, lafaa kulazimisha kila betri na kila chaja kuandikwa aina ya kemikali na volti za mwisho, kwa Kiswahili, mahali ambapo mwenye chumba hicho ataona kabla ya kuchomeka waya.