Kuhoji jeshi si uhaini

Makamanda, wale wanaotuambia "mambo ya jeshi siyo ya raia" wasome habari za Burundi, hapo jirani tu. Micombero, Bagaza, Buyoya: marais watatu, wote wanajeshi, wote wa Bururi! Mkoa mmoja! Mwaka 1993 wananchi wakamchagua Ndadaye, Mhutu. Miezi mitatu tu, wanajeshi wakamuua, nchi ikaingia vitani. Ndipo Mkataba wa Arusha wa 2000 ukasema kabila lolote lisizidi nusu ya jeshi, na waasi wa zamani wakaingizwa humo humo. Mnaita huo ukabila? Ukabila ni ule wa mwanzo, ambao hakuna aliyeruhusiwa kuuhesabu. Sasa mtujibu: Ndadaye aliuawa na raia wenye maswali, au na askari waliozoea kutoulizwa?