Anayelipima jiwe ndiye anayelila

Katika mji wa Kisangani, mchimbaji akiingia kwenye komptuari ya almasi anakuta mizani, kibano, kioo cha kukuza na mtu mmoja anayejua. Yeye aliyelitoa jiwe matopeni hana hata kimoja kati ya hivyo. Anakaa, anangoja aambiwe. Hiyo si biashara, ni kuhukumiwa bila wakili.

Kutojua jiwe si aibu ya maskini peke yake. Kwenye taji la wafalme wa Uingereza kuna jiwe kubwa jekundu ambalo kwa karne nyingi lilisifiwa kuwa rubi. Wataalamu walipolichunguza vizuri, kumbe ni spineli. Kama wafalme wenye mafundi wao walidanganyika, mchimbaji wa Bafwasende au Banalia atajuaje kwa macho tu?

Serikali itajibu kwamba CEEC ipo kwa kupima mawe, na cheti cha Kimberley kipo tangu 2003. Ni kweli. Lakini CEEC inalikuta jiwe likiisha kutoka mkononi mwa mchimbaji. Na cheti kinamtuliza mwenye kuvaa pete huko Ulaya kwamba almasi yake haikulisha waasi. Hakisemi aliyeichimba alilipwa franga ngapi.

Kisangani inajua uchungu wa mawe haya. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita humu mjini, na almasi ilikuwa moja ya sababu. Mamia ya raia walikufa. Tarehe 9 Februari 2022, mahakama ya La Haye iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325. Kati yake, milioni 60 ni kwa ajili ya mali ya asili. Uporaji wa jeshi la kigeni umepigiwa hesabu. Hasara ya kila siku mbele ya mizani, nani anaihesabu?

Anayeumia zaidi ni aliyehama. Tangu 2023, vita vya Wambole na Walengola vimefukuza familia nyingi toka Lubunga na vijiji vya karibu. Mwenye shamba na nyumba anaweza kusema: "Bei hii sitaki, nitarudi kesho." Baba anayelala kambini na watoto wenye njaa hana kesho ya kungojea. Anauza leo, kwa bei yoyote, na mnunuzi anajua hivyo.

Wafanyabiashara watasema wao ndio wanaotoa feza, chakula na vifaa vya shimoni, na wanaweza kupata hasara. Sawa, warudishiwe feza yao na faida yao. Lakini mkopo hauwapi ruhusa ya kuficha uzito wa jiwe.

Tanzania, mwaka 2019, serikali ilifungua masoko ya madini ambako jiwe linapimwa wazi. Juni 2020, mchimbaji mdogo Saniniu Laizer aliuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, mbele ya kamera. Si kila mchimbaji atapata jiwe kama yale. Lakini bei ilisemwa hadharani, na inchi yote ikasikia.

Tshopo haihitaji muujiza. Inahitaji meza moja ya kupimia, ya bure, ambako mtaalamu wa serikali anapima jiwe kabla halijaingia komptuari. Inahitaji bei za almasi zisomwe redioni kila wiki, kwa Kiswahili na Lingala. Na kila mwenye kuuza apewe karatasi yenye uzito, bei na jina la mnunuzi.

Mizani, karatasi na redio si vitu vya gharama kubwa. Basi gavana na wabunge wa jimbo waambie wakaaji: wanaogopa nini mchimbaji akijua?