Mama, mlango wa kutokea uko wapi? (Sehemu ya 3)

Mama zangu wa Kisorya, siku ya maombi ikitangazwa tunauliza, "Anaimba nani?" Kamati inalipia spika na mwimbaji mkongwe, msanifu majengo wa kuangalia milango haitwi. Eti gharama!

Tarehe 1 Februari 2020, Majengo, Moshi, watu 20 walikufa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Watoto walikuwemo. Msiniambie ni mapenzi ya Mungu. Kwenye msongamano kifua kinabanwa mpaka pumzi haiingii, na mtoto wa mgongoni humwoni.

Sipingi maombi, naenda pia. Ila kaeni karibu na mlango, mtoto abebwe mbele. Mkiambiwa "sogeeni madhabahuni", wewe mwenye kichanga baki hapo hapo. Atakayekuita huna imani, muulize funguo za mlango wa nyuma anazo nani.