Mpeni wakili wa majuu masaa, maombi hayatoshi

Novemba 2025 Kim Kardashian alitangaza kwamba amefeli mtihani wa uwakili wa California, na mitandao ikaangua kicheko. Mama wa watoto wanne, pesa anazo, walimu wa kumfundisha anao, watu wa kumsaidia na watoto hawakosi. Bado karatasi ikamshinda.

Sasa mtoe Kim hapo. Weka mama wa Kenya aliyesomea sheria hapa kwetu, akapita mitihani ya uwakili, akaapishwa, kisha akahamia Marekani na familia. Huko uwakili wake wa Nairobi haumruhusu kusimama kortini hata kumtetea mwizi wa kuku. Anafanya kazi ya usaidizi kwenye ofisi ya mawakili, au shifti za kutunza wazee, na usiku anarudi kwa watoto wawili na begi la vitabu. Huyo akifeli, sisi huku nyumbani huwa na jibu moja: "Si alikuwa mkali shuleni? Nini kilimpata?"

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na sikuwa nasomea sheria, kwa hivyo sina mawakili wa kujipendekeza kwao. Lakini hesabu najua, na nikiifanya hii naona tunauliza swali lisilofaa. Ubongo anao. Kinachokosekana ni masaa, na mengi ya hayo masaa tunayachukua sisi.

Tuanze na mtihani wenyewe. Wakenya wengi huangalia New York kwa sababu jimbo hilo linaweza kukubali digrii yetu ya sheria ya miaka minne, iliyojengwa juu ya mfumo tuliorithi kwa Mwingereza, bila kukulazimisha kurudi darasani kwa shahada ya pili. Kwanza lakini unatuma vyeti vikaguliwe, na chuo chako kinatakiwa kutuma chenyewe rekodi za masomo. Kama umewahi kufuata cheti katika ofisi ya chuo chochote hapa nchini, unajua hiyo peke yake ni safari. Ada ya aliyesomea nje ya Marekani ni dola 750. Aliyesomea huko hulipa 250. Kwa Sh129 kwa dola, mtu wetu anatoa karibu Sh97,000 kabla hajanunua kitabu hata kimoja.

Mtihani unafanywa mara mbili kwa mwaka, Februari na Julai, siku mbili mfululizo. Siku moja ni insha sita za nusu saa kila moja, pamoja na kazi mbili za kiwakili za dakika 90 kila moja, ambapo unapewa faili na kuambiwa uandae kile wakili angeandika. Siku nyingine ni maswali 200 ya kuchagua jibu kwa masaa sita. Gawanya mwenyewe: dakika moja na sekunde 48 kwa kila swali. Kupita New York unahitaji alama 266 kati ya 400.

Na usidhani aliyekuwa wakili hapa anaanzia mbele. Wakati mwingine anachokijua ndicho kinamwangusha. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 49, inasema mshukiwa afikishwe kortini kabla ya masaa 24 kuisha, na kama muda huo umeangukia nje ya saa za kazi za korti, basi siku ya korti inayofuata. Wakili wa Kenya analijua hilo hata usingizini. Marekani, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi mwaka 1991 kwamba kwa kawaida jaji anatakiwa kuthibitisha sababu ya kumkamata mtu ndani ya masaa 48. Ongeza sheria za raia wa kawaida wanaoketi kortini kuamua kesi, kitu ambacho sisi hatuna, na aina za umiliki wa ardhi ambazo hakuna wakili wa Kitengela amewahi kukutana nazo. Huyu mtu anajifunza upya, na kwa wakati huo huo anajaribu kusahau. Ndiyo maana kwa miaka mingi waliosomea nje wamekuwa wakipita kwa kiwango cha chini sana kuliko waliosomea Marekani. Kujua Kizungu hakutoshi.

Sasa tuje kwa hesabu yenyewe. Kozi nyingi za kujiandaa hupangwa kwa takriban masaa 400. Kijana aliyetoka chuoni, asiye na kazi wala mtoto, husoma masaa 40 kwa wiki na kumaliza kwa wiki 10. Anaanza Mei, Julai anaingia chumba cha mtihani.

Mama yetu ana wiki ile ile ya masaa 168. Toa 40 ya kazi. Toa 10 ya barabarani. Toa 49 ya usingizi, kama analala saba kila usiku, na hiyo ni ndoto. Toa 28 ya watoto, nne kwa siku. Zimebaki 41. Humo apike, afue, anunue vitu, aende kanisani, apeleke mtoto kliniki. Akijibana sana atapata masaa 15 ya kusoma. Gawanya 400 kwa 15 upate wiki 27. Yaani mtihani wa Julai anatakiwa kuuanza Januari, na asikose hata wiki moja.

Masaa 15 ni kitu cha kuvunjika upesi. Mtoto akishikwa na homa siku mbili, matano yameenda. Bosi akiongeza shifti, mengine manane. Halafu kuna sisi.

Simu zetu kwanza. Kuanzia Machi hadi mapema Novemba, Nairobi iko mbele ya New York kwa masaa saba. Ukimpigia saa sita mchana ukingoja chapo madondo, kule ni saa kumi na moja alfajiri. Kwa mzazi anayefanya kazi, hiyo ndiyo saa ya kusoma, watoto wakiwa wamelala. Unamuuliza habari za majuu, unaingia kwa harambee ya mazishi ya jirani, unamalizia na simu yako iliyopasuka kioo. Dakika 40. Kisha akikata, hawezi kusoma, kwa sababu anawaza atatoa wapi hizo dola.

Na pesa ni masaa vilevile. Kila dola 100 tunayoomba, kuna mtu aliyesimama kazini kuitafuta. Tukiomba mara tatu kwa mwezi, tumemwongezea shifti, na shifti imekula kitabu. Siwaambii msiombe kamwe. Kuna wazazi wanaotegemea hizo pesa kwa dawa, na hilo halina mjadala. Ninasema familia ikae chini mara moja, ikubaliane nini ni lazima na nini kinaweza kungoja miezi saba.

Nyumbani kwake pia kuna kesi. Baba akisoma, nyumba nzima hunyamazishwa: "Daddy anasoma." Mama akisoma, anaulizwa chakula kiko wapi. Kama wewe ni mume wa wakili kama huyu, usimwambie "nakuunga mkono, mpenzi" halafu ukae na rimoti. Chukua jioni tatu za wiki, kuanzia kuoga watoto hadi kulala. Hizo ni kama masaa 12. Umemkaribia kumpa mara mbili ya alichokuwa nacho.

Nasikia mtu akisema, "Kuna walioweza bila msaada wowote." Ni kweli, wapo, na heshima zao. Lakini waulize walivyolala, waulize ndoa zao zilifikia wapi. Kwamba mtu alivuka mto wenye mamba haimaanishi tusijenge daraja.

Na wewe dada au ndugu wakili, fanya upande wako. Mwambie bosi mapema tarehe za mtihani, usingoje Julai. Jibu maswali mengi ya mazoezi ukiwa na saa mezani, kwa sababu kusoma tu hakukufundishi zile sekunde 108. Angalia pia kalenda: kuanzia Julai 2026 baadhi ya majimbo yanaingia mtihani mpya, na New York imepanga kuuanza Julai 2028, kwa hivyo usinunue vitabu vya binamu bila kuuliza. Ukifeli, New York haijaweka kikomo cha mara za kurudia. Na tuambie ukweli kwamba umebanwa. Tukikuona kwa picha za theluji tu, tutadhani una muda.

Sisi wengine kazi yetu ni rahisi. Kama una shangazi au kaka majuu anayesomea huu mtihani, muulize leo tarehe yake ni lini na anasoma saa ngapi. Ziandike kwa kundi la familia la WhatsApp, pale juu kabisa. Saa hizo zikifika, hakuna wa kumpigia, hata kama ni kumwambia mnamwombea.