Kana, Gurudumu na Gia

Kwetu Lamu punda ndiye mchukuzi wa mjini, na barabara ya bara hukomea gatini Mokowe. Kwa hiyo wengi hushika usukani wa mashua kabla hawajapata kuketi katika motokaa. Msomaji mmoja wa Faza ameuliza: mbona hata dereva husemwa ameshika usukani, ilhali hana chombo wala maji? Swali jema, kwani motokaa nyingi za kwanza ziliongozwa kwa mti wa kushika mkononi, kama kana ya mashua.

Motokaa ya Bwana Karl Benz wa Ujerumani, ya mwaka 1886, ilikuwa na magurudumu matatu, na lile moja la mbele liligeuzwa kwa kipini. Haikuwa kwa ubahili. Gari likipiga kona, gurudumu la ndani hupita njia fupi kuliko la nje, basi halina budi kupinda zaidi. Yakipinda sawasawa, moja huburutwa. Benz hakuridhika na njia alizoziona za kuyageuza mawili pamoja, hata mwaka 1893 alipopata njia yake. Lakini Mjerumani mwingine, Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi, alikwisha kulifumbua fumbo hilo mwaka 1817. Mwaka uliofuata Ackermann aliliandikisha London, na mpaka leo mafundi hulitaja jina la Ackermann. Mimi karani sishangai: aliyewahi kuandikisha ndiye akumbukwaye.

Sasa, kana hufaa baharini kwa kuwa maji ni laini. Barabarani gurudumu likigonga jiwe, teke lake hupanda hadi mkononi mwa dereva, na gari likienda kasi, mkono ukitikisika kidogo tu gari huacha njia. Mabaharia walikwisha kuona jambo la namna hiyo: majahazi makubwa ya Kuwait, ambayo sukani zake ni nzito mno kwa mkono mtupu, yalitiwa gurudumu. Mwaka 1894, katika safari ya mashindano ya Paris mpaka Rouen, Bwana Vacheron aliendesha Panhard yenye gurudumu la usukani, na tangu 1898 kiwanda cha Panhard kikalitia katika magari yake. Faida yake ni hii: mkono huzunguka sana, magurudumu hupinda kidogo, na teke la jiwe hufifia njiani.

Gia nayo ni biashara hiyo hiyo, ya kutoa mwendo ili kununua nguvu. Levassor, mshirika wa Panhard, mwaka 1891 aliweka injini mbele, kisha klachi, kisha magurudumu ya meno yanayosogezwa yakamatane. Yalipiga kelele ya kutisha, lakini njia yake ndiyo iliyofuatwa na wengi. Louis Renault, mwaka 1898, alirekebisha gia ya juu ili nguvu ipite moja kwa moja bila kuzungushwa katika meno ya pembeni. Na badala ya minyororo akatumia mhimili kupeleka nguvu nyuma.

Henry Ford wa Marekani hakuwafuata. Gari lake la Model T, la mwaka 1908, lilikuwa na gia mbili tu za kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma. Meno yake yalikuwa yamekamatana daima, na dereva alichagua kwa kukanyaga. Wapo wanaomcheka. Kwangu mimi, kwa mkulima asiyepata kufundishwa udereva, hiyo ilikuwa akili kubwa kuliko ya Wafaransa. Mlima ukiwa mkali mno, aliupanda kinyumenyume! Magari zaidi ya 15,000,000 ya namna hiyo yaliundwa hata 1927.

Maana hatari ya gia za kusogezwa ilikuwa mlimani. Dereva wa lori lenye shehena akiitoa gia moja na kushindwa kuingiza nyingine, injini hailizuii tena; limebaki juu ya breki peke yake, na breki za zamani zilikuwa dhaifu. Mwaka 1928 Cadillac ilileta gia zinazosawazisha mwendo wa meno kabla hayajakutana. Malori yalichelewa sana kuipata neema hiyo. Kwa miaka mingi baadaye dereva wa lori alikanyaga klachi mara mbili kwa kila gia, sikio lake likiwa kwenye injini kama la nahodha lilivyo kwenye tanga.